Mashambani na Maweni

Mtu atokaye mjini Unguja kwa njia ya Mwera, akielekea Chwaka, hasafiri mwendo mrefu, walakini hupita baina ya nchi mbili. Upande wa magharibi ardhi ina udongo wenye kina, na mikarafuu, minazi na miembe imeshikana vivuli. Kisha, karibu ghafula, udongo hutoweka, mawe ya matumbawe huchomoza kama meno, na miti hugeuka vichaka. Huku ndiko maweni, na kule ni mashambani.

Mkarafuu ni mti wa anasa: hutaka udongo wa kina usiotuamisha maji, wala haupatani na jiwe. Kwa hiyo katika karne ya 19, zama za Sultani Sayyid Said, karafuu zilipoanza kuleta mali, ardhi ya magharibi iliingia mikononi mwa matajiri, aghalabu wenye asili ya Omani, ikalimwa kwa jasho la watumwa; Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, wakabaki na mashariki na kusini, ambako hapakuwa na tajiri aliyepatamani. Hata utajiri huo haukuwa na amani, kwani tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikashika nafasi ya kwanza katika biashara hiyo.

Maweni mkulima hafuati mistari, hufuata vishimo. Hufyeka kichaka, hukichoma, hukusanya mawe yaliyolegea akajenga ukuta wa kuzuia nguruwe mwitu, kisha hupanda mtama, muhogo na kunde popote penye udongo wa kujaa viganja viwili. Baada ya misimu michache huliacha konde lipumzike, akaenda kwingine. Ardhi inayohamwa hivi haiwezi kuwa milki kama shamba la karafuu. Uwanda huo wa mawe ulikuwa wa mji mzima, na haki ya mtu ilikuwa katika jasho lake na katika miti aliyoipanda. Nani, tena, angenunua mawe?

Kilichokosekana ardhini kilitafutwa baharini. Maji yakipwa, nyuma ya mwamba hubaki uwanja mpana wa maji haba, ambamo wanaume hutega madema na wanawake huokota chaza na kukamata pweza. Makumbi ya nazi hufukiwa humo miezi kadhaa hata yalainike, yapondwe, yasokotwe kamba. Na jiwe lile lile lililomnyima mtu shamba huchomwa likawa chokaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja ukulima wa mwani, na wanawake wa Paje na Jambiani wakapata fedha mikononi mwao kwa kuchomeka vigingi na kufunga kamba katika maji yale yale.

Mnunuzi wa mawe amekwisha patikana. Mchanga mweupe, uliosagwa na bahari kutokana na matumbawe, umekuwa bidhaa ghali kuliko udongo wa Kizimbani kule mashambani, na pale Paje mwanamke aendaye kwenye mwani wake hupita ubavuni mwa kuta za hoteli, akiuwahi wakati wa maji kupwa.