Wanyama Wadogo na Baridi ya Uwanda wa Kati

Watu wengi huihesabu Dodoma kuwa nchi ya jua na vumbi, wala hawaifikirii baridi yake. Hata hivyo mji huo umo katika uwanda wa juu, yapata mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 14 za sentigredi. Kwa binadamu mwenye blanketi hilo ni jambo dogo. Kwa mnyama mwenye uzito wa gramu 200 laweza kuwa jambo la kufa na kupona, kwa maana kipupwe hufika wakati mvua zimekwisha koma, majani yamekauka na wadudu wamepungua. Baridi na njaa huja pamoja.

Gharama ya udogo

Mamalia hujitengenezea joto kwa kukiunguza chakula mwilini. Joto hilo huzalishwa na mwili mzima, lakini hupotea zaidi kupitia ngozi. Tulinganishe mchemraba wenye upande wa sentimeta 1 na mwingine wenye upande wa sentimeta 10. Wa kwanza una eneo la sentimeta za mraba 6 na ujazo wa sentimeta ya ujazo 1. Wa pili una eneo la sentimeta za mraba 600 na ujazo wa sentimeta za ujazo 1,000. Kwa hiyo, kwa kiasi kilekile cha ujazo, mchemraba mdogo una eneo la kupotezea joto mara 10 zaidi. Ndiyo sababu gramu moja ya mwili wa panya hutumia nishati nyingi kuliko gramu moja ya mwili wa ng'ombe. Tena mnyama mdogo hana mahali pa kuweka akiba kubwa ya mafuta.

Pimbi na jua la asubuhi

Katika vilima vya mawe vya uwanda huu huishi pimbi. Mwili wake hutumia nishati pungufu kuliko ile inayotazamiwa kwa mnyama wa uzito wake, na joto la mwili wake hupanda na kushuka kwa kiasi fulani pamoja na joto la mahali alipo. Usiku pimbi hujificha katika nyufa za miamba, ambamo joto halibadiliki sana, na hulala wakiwa wamebanana. Wakibanana hivyo, miili mingi midogo huwa kama mwili mmoja mkubwa, na eneo linalopigwa na baridi hupungua. Kunapopambazuka hutoka na kuota jua juu ya mawe. Hivyo hupata bure joto ambalo wangelilipia kwa chakula.

Komba na njia ya mwisho

Komba mdogo hukabiliwa na shida kubwa zaidi, kwani yeye hutafuta riziki usiku, wakati wa baridi yenyewe. Chakula chake ni wadudu na utomvu wa migunga. Mchana hulala pamoja na wenzake katika mashimo ya miti au penye matawi yaliyosongamana.

Je, njia hizo zisipotosha? Vitabu vya shule hufundisha kwamba mamalia wana joto la mwili lisilobadilika. Usemi huo ni kweli kwa sehemu tu. Utafiti uliofanywa Afrika ya Kusini na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba komba aina ya *Galago moholi*, ambaye hupatikana pia Tanzania, anaweza kuliacha joto la mwili wake lishuke sana kwa saa kadhaa, huku mwili ukitumia nishati kidogo mno. Hali hiyo twaweza kuiita ubwete. Lakini komba huitumia kwa nadra, kama njia ya mwisho akiba inapokwisha.

Huko Australia, ambako wako mamalia wenye mfuko wa kulelea watoto, ubwete ni jambo la kawaida zaidi. Mmoja wao, *Cercartetus nanus*, ambaye ni mdogo kama panya, ameonekana katika maabara akiishi karibu mwaka mzima kwa mafuta ya mwilini mwake tu.

Komba hana uwezo mkubwa kiasi hicho. Usalama wake hutegemea zaidi makazi yake. Mti mkongwe wenye shimo ukikatwa kwa ajili ya mkaa, komba hupoteza mahali pa kulala na pia sehemu ya akiba yake ya nishati. Hali kadhalika pimbi, mwamba wake upasuliwapo kwa ajili ya kokoto.

Jaribio la darasani

Chukua makopo madogo manne yaliyo sawa na moja kubwa. Yajaze maji yenye joto la nyuzi 60. Weka kopo dogo moja peke yake, matatu yaliyobaki yagusane, na kubwa liwe kando. Pima joto la kila kopo baada ya kila dakika 5 kwa muda wa nusu saa, kisha chora grafu. Ni kopo lipi lililopoa upesi zaidi? Na yale matatu yaliyogusana yanatufundisha nini juu ya pimbi katika ufa wa mwamba?