Anayekosoa Naye Akosolewe: Utani wa Lugha Barazani Unguja

Baada ya sala ya alasiri, mabaraza ya Mji Mkongwe wa Zanzibar hujaa watu. Pale Jaws Corner, njia za Sokomuhogo zinapokutana, kahawa chungu humiminwa kwenye vikombe vidogo, wengine wanabamiza dhumna, wengine wameinamia bao, na wasiocheza wanatazama huku midomo yao ikishughulika kuliko mikono ya wachezaji. Mpita njia husikia kelele na vicheko tu. Anayekaa akasikiliza hugundua kwamba pana mashindano mawili, ya kete na ya ulimi. Mchezaji hukosolewa kwa kete aliyoipeleka vibaya, na papo hapo hukosolewa kwa neno alilolitumia vibaya, na mara nyingi hili la pili ndilo linalochekwa zaidi. Wapo wanaouona ukosoaji huo kuwa upuuzi wa watu wasio na kazi, na wapo wanaouona kuwa uonevu. Mimi nashikilia kwamba ni kazi yenye manufaa makubwa kwa lugha na kwa wanaoizungumza, ilimradi mkosoaji alipe deni linaloambatana nayo: aweze kueleza sababu, na akubali kukosolewa naye.

Tuanze na namna kazi hiyo inavyofanyika. Mtu akisema "nyimbo hii imenikuna," hapewi somo la ngeli. Huulizwa, "Ziko ngapi, yakhe?" Kicheko kikitulia, mwenyewe hurudia: wimbo huu. Anayejisifu kwamba amenunua "thamani" mpya za sebuleni huulizwa thamani hiyo ni shilingi ngapi, mpaka akumbuke kwamba makochi na meza ni samani. Swali fupi kama hilo linaonyesha kosa lilipo bila kulitaja, na linamwachia aliyekosea heshima ya kujisahihisha kwa kinywa chake. Wanaosikiliza nao wanaondoka na mfano ulioshikamana na uso wa mtu na kicheko cha watu, na mfano wa aina hiyo hukaa kichwani muda mrefu kuliko jedwali la ngeli lililonakiliwa ubaoni.

Kwamba desturi hii imestawi kwenye bao si jambo la kushangaza. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Katika mchezo kamili kila mmoja huanza na kete kumi ubaoni, na 22 zilizobaki huziingiza moja moja katika hatua ya kunamua, ndipo mchezo uingie hatua ya mtaji. Hakuna karata iliyofichwa wala dadu ya kutupwa. Kila kete iko wazi mbele ya kila jicho, kwa hiyo mtazamaji anayelijua bao ana haki ya kuhukumu sawa na mchezaji, na kosa halina wa kusingiziwa. Wachezaji mahiri hupiga hesabu za mizunguko mingi kichwani kabla hawajagusa kete, na umahiri huo ulimvuta mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt kuja kuwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar kwa ajili ya tasnifu yake ya udaktari, aliyoikamilisha Leiden mwaka 1995. Watu waliozoea ukali huo wa macho hawauachi kwenye ubao. Sentensi nayo imetamkwa hadharani, kanuni zake zinajulikana na wote waliopo, na aliyeiharibu yuko hapo hapo. Wanaipitia kama walivyopitia kete.

Unguja ina sababu yake ya ziada ya kuijali lugha kiasi hiki. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja, mbele ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia, vitabu na kamusi. Tangu hapo vizazi vya Waunguja vimekua vikisikia kwamba chimbuko la Kiswahili cha vitabuni ni kwao. Fahari hiyo ni ya haki, lakini ndani yake mna mtego, kwa sababu msingi wa nyumba na nyumba yenyewe havilingani. Muunguja husema skuli na tungule, na vitabu vingi vya bara vikaandika shule na nyanya. Tena Unguja yenyewe haina lahaja moja: Makunduchi wana Kikae chao, Tumbatu wana Kitumbatu, na mtu wa mjini akipelekwa huko bila mwenyeji atapotea katika mazungumzo. Hata wenye mamlaka ya lugha hawajakubaliana kwa kila jambo. Kamusi iliyotolewa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, mwaka 1981, inaitwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Iliyotolewa na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, mwaka 2010, inaitwa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Wasomi wa pande mbili hawakuafikiana hata juu ya ngeli ya neno kamusi, na mtu wa barazani anayedai kuwa kauli yake ndiyo ya mwisho hana pa kuegemea.

Hapo ndipo deni la mkosoaji linapoanza, na mila zetu zimelijua deni hilo kabla ya kamusi yoyote. Bara, utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, unampa mtani ruhusa ya kumwambia mwenzake maneno ambayo kwa mtu mwingine yangezua ugomvi. Lakini mtani huyo huyo ana wajibu wake msiba unapotokea: hufika, hushika kazi, huchangamsha waliofiwa. Ruhusa na wajibu ni kitu kimoja, na aliyetaka kucheka bila kubeba jeneza hakuwa mtani, alikuwa mtukanaji. Mashabiki wa Yanga, iliyoanzishwa 1935, na wa Simba, iliyoanzishwa 1936, wanaitwa watani wa jadi kwa sababu hiyo hiyo: anayemcheka mwenzake Jumamosi anajua kwamba zamu yake inakuja, na anatakiwa aipokee.

Historia ya taarabu ya Unguja inatufundisha sharti jingine, kwamba anayepigwa kijembe lazima awe na chombo cha kujibia. Siti binti Saad alitoka kijiji cha Fumba, akaja mjini akiwa mtu wa hali ya chini, na sauti yake ikamfikisha mpaka Bombay, alikorekodiwa santuri mwaka 1928. Waliomwonea wivu walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Naye akajibu kwa wimbo, akaweka wazi kwamba kinachompa mtu thamani ni akili na kipaji, na jamii ikahukumu. Mwandishi Shaaban Robert akaandika kitabu kizima cha wasifu wa Siti. Wengi hulitaja tukio hilo kama ushahidi kwamba kijembe humkomaza mtu. Mimi naona limethibitisha jambo jembamba zaidi: kejeli ile haikumvunja kwa kuwa alikuwa na silaha sawa na ya waliomshambulia, tena iliyo kali kuliko yao. Asiye na silaha hiyo yuko katika hali nyingine kabisa.

Ndiyo maana pingamizi la kwanza dhidi ya utani wa lugha lina uzito. Kijana aliyetoka Kigoma kuja kufanya kazi katika hoteli za Nungwi, au mzee wa Makunduchi aliyefika mjini kwa shughuli zake, akichekwa kila afunguapo mdomo atajifunza kunyamaza, na kimya hakijamfundisha mtu Kiswahili. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Pingamizi hili halibatilishi utani, linauwekea mpaka. Anayestahili kutaniwa kwa lugha ni yule aliyekwisha kukaribishwa kitako, anayejua kwamba anapendwa, na anayeweza kurudisha. Mgeni anastahili kwanza kueleweshwa kwa upole, pembeni. Na neno la Kikae au la Kigoma halistahili kuitwa kosa hata kidogo. Lina nyumba yake na kanuni zake, na baraza lenye watu makini hulidaka na kuuliza maana yake, kwa sababu hiyo nayo ni elimu.

Pingamizi la pili linasema kwamba lugha hubadilika, na anayezuia "masaa" mahali pa "saa", au "nyimbo hii", anajaribu kuyazuia maji ya bahari kwa viganja. Ni kweli kwamba lugha hubadilika, na Kiswahili kisingekuwa hivi kilivyo bila karne nyingi za kupokea maneno ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Lakini maneno hayo hayakuingia kiholela. Yalitiwa katika ngeli, yakavikwa viambishi, yakalainishwa matamshi yakaendana na ulimi wa Mswahili, na waliofanya kazi hiyo ni wazungumzaji wenyewe, kwa kubishana, kucheka na kurudiana. Ukosoaji wa barazani ni sehemu ya mabadiliko yenyewe: unachuja lipi lipite na lipi lingoje. Siku watu watakapoacha kubishana juu ya wimbo na nyimbo, tofauti ya umoja na wingi katika neno hilo itakuwa imepotea bila mtu kuamua ipotee.

Changamoto ninayoiogopa zaidi inatokana na mahali mazungumzo yanakohamia. Wapenzi wa bao, wa mpira, wa upigaji picha na wa mashairi sasa wana makundi yao kwenye simu, na desturi ya kurekebishana imehama nao. Kilichobaki nyuma ni uso. Barazani, mkosoaji anamwona mwenzake anavyoipokea kauli; akiona macho yameshuka, humsogezea kikombe cha kahawa na mambo yakaisha. Kwenye simu, sahihisho la neno moja husomwa na mamia ya watu, hubaki limeandikwa, na kicheko hakisikiki. Zaidi ya hapo, makosa mengi ya kwenye simu ni ya kidole na haraka, wala hayaonyeshi kwamba mwandishi haijui lugha. Wanaosimamia makundi hayo wanaweza kurejesha sehemu ya adabu ya barazani: kosa la kidole lipite, kosa la maarifa liambatane na maelezo yake, na anayetaka kumsahihisha mgeni amwandikie faraghani.

Masharti haya si magumu, kwa sababu tayari yamo katika desturi zetu. Tunachopaswa kuacha ni kumhesabu kuwa hodari wa lugha mtu anayejua kucheka tu. Hodari ni yule anayeweza kusema kwa nini wimbo huu na si nyimbo hii, anayekiri kwamba kamusi ya na kamusi la zote zina wenyewe, na ambaye kesho akiteleza husikiliza swali la wenzake, akalirudia neno lake kwa usahihi, kisha akaendelea kucheza. Baraza lenye watu wa namna hiyo linaifanyia lugha kazi ambayo wizara na vyuo haviwezi kuifanya peke yao, kwa kuwa linaifanya kila siku, bila malipo, na mbele ya watu wanaopendana.