Aliyebonyeza "Kubali" Si Mwenye Runinga

Bonasi ya majani chai ikilipwa mwezi Oktoba, maduka ya vifaa vya umeme ya Runyenjes na Embu mjini hujaa wateja. Mkulima anayepeleka majani yake kiwanda cha Rukuriri au Mungania analipa, boksi linafungwa nyuma ya bodaboda, na jioni runinga mpya inatundikwa sebuleni. Inapowashwa mara ya kwanza inauliza lugha, nchi na nywila ya waifai. Kisha inaleta kurasa nyingi za masharti kwa Kiingereza cha mawakili. Aliyeshika rimoti ni fundi aliyetumwa na duka, au kijana wa gredi ya nane ambaye ndiye anayeelewa mambo hayo. Anabonyeza kukubali yote, kwa sababu mechi inakaribia kuanza. Mama na baba wenye nyumba hawajaulizwa chochote.

Ninaandika kuhusu kitufe hicho kwa sababu ndicho kinachoifungulia kampuni mlango wa sebule. Nashikilia kwamba idhini iliyopatikana namna hiyo si idhini, na sheria ya Kenya inasema vivyo hivyo.

Watu wengi huhofia kwamba runinga inawasikiliza. Hofu hiyo ina chanzo: mwaka 2015 Samsung ilizua kelele duniani pale sera yake ya faragha ilipotahadharisha kwamba maneno ya siri yanayosemwa karibu na runinga yenye huduma ya sauti yangeweza kunaswa na kupelekwa kwa kampuni nyingine. Lakini siku hizi maikrofoni kwa kawaida huwa kwenye rimoti na husubiri ubonyeze kitufe. Kinachofanyika kila siku, kimyakimya, ni kusomwa kwa skrini yenyewe.

Runinga janja nyingi zina programu ya kutambua kinachotazamwa. Kila baada ya muda mfupi sana programu hiyo huchukua sampuli ya picha au sauti, huigeuza kuwa mfuatano wa tarakimu unaoitambulisha picha hiyo kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu, kisha huutuma kwenye seva za kampuni. Huko unalinganishwa na hazina kubwa ya vipindi, filamu na matangazo. Jibu likipatikana, linaandikwa: runinga hii, kwenye anwani hii ya intaneti, saa hii, ilikuwa ikionyesha kipindi hiki. Mwaka 2024 watafiti wa University College London na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani na Hispania walipima mawasiliano ya runinga za Samsung na LG. Ya LG ilikuwa ikituma kila baada ya sekunde 15 hivi, ya Samsung kila dakika moja. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba utambuzi uliendelea hata runinga ilipotumika kama skrini tu ya kifaa kingine kilichounganishwa kwa waya wa HDMI. Kwa mtazamaji wa Kenya maana yake ni kwamba king'amuzi chako hakikukingi. Picha ikishafika kwenye skrini inaweza kusomwa, haidhuru imetoka kwenye dishi, kompyuta au mchezo wa watoto. Watafiti hao waliona pia habari njema: mtumiaji alipozima huduma hiyo kwenye mipangilio, mawasiliano yalikoma.

Biashara iliyo nyuma ya jambo hili ni kubwa. Februari 2017 kampuni ya runinga ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Marekani pamoja na jimbo la New Jersey. Ilidaiwa kwamba tangu mwaka 2014 ilikuwa ikikusanya, sekunde kwa sekunde, kumbukumbu za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila wenyewe kujua, na kuziuza baada ya kuziunganisha na umri, jinsia, kipato na hali ya ndoa. Hata runinga zilizokwisha kuuzwa ziliwekewa programu hiyo kutoka mbali, zikiwa tayari majumbani. Baadaye Walmart iliinunua Vizio kwa dola bilioni 2.3, na biashara yake ya matangazo ndiyo iliyoivutia. Na Desemba 2025 Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, alizishtaki Samsung, LG, Sony, Hisense na TCL kuhusu teknolojia hiyo hiyo. Majina hayo yapo madukani hapa kwetu.

Kuna msomaji atakayesema: mimi natazama taarifa ya habari, mahubiri na mpira, nina siri gani? Namwomba afikirie kinachosomeka katika mambo kama hayo. Nyumba inayofuata kila siku kituo cha lugha ya mama imekwisha kutaja kabila lake. Inayotazama ibada imetaja dini yake. Inayorudia vipindi vya kisukari au shinikizo la damu imetaja ugonjwa ulio ndani. Sheria yetu inayaita mambo hayo data nyeti: asili ya kabila, imani, hali ya afya, hata majina ya watoto wa mtu. Na Kenya si nchi inayoweza kusema haijui data za namna hiyo hutumiwaje. Mwaka 2018 wakuu wa Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia data za watu katika kampeni za siasa, walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 ya Uingereza wakijigamba kuhusu kazi waliyofanya katika kampeni za urais za hapa mwaka 2013 na 2017. Tunaelekea uchaguzi wa 2027. Ningependa kujua mapema ni nani mwenye orodha ya nyumba za Kyeni na Kagaari hapa Embu, na zinachotazama saa tatu usiku.

Sheria ipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu, zikiwemo habari za familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini iwe ya hiari, ya wazi, mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa anachokubali. Kifungu cha 32 kinambebesha anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba alipewa idhini. Kifungu cha 33 kinataka mzazi au mlezi aridhie kabla ya data ya mtoto kuchakatwa, na kila mtu anajua runinga ya sebuleni hutazamwa na nani baada ya shule. Hata kampuni iliyo nje ya nchi inafungwa na sheria hii ikiwa inachakata data ya watu walioko Kenya. Sasa pima kitendo cha yule fundi kwa vipimo hivyo. Hakuwa mwenye nyumba, hakuelezwa kitu, hakusoma, na alikubali mambo mengi kwa mkupuo. Sioni kampuni itakavyothibitisha kwamba familia ile iliridhia.

Kifungu cha 41 kinataka ulinzi wa data ujengwe ndani ya kifaa tangu mwanzo. Kwa maoni yangu, runinga inayouzwa Kenya inapaswa kufika huduma hii ya kutambua kinachotazamwa ikiwa imezimwa, na anayeitaka aiwashe mwenyewe. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayoongozwa na Immaculate Kassait tangu mwaka 2020, imeonyesha ina meno. Septemba 2023 iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride shilingi milioni 2.975. Nataka meno hayo yafike kwenye runinga pia.

Wakati tukisubiri, yapo ya kufanya leo. Runinga ambayo haijaunganishwa na intaneti haitumi kitu, kwa hiyo kama unatazama kwa antena au king'amuzi pekee, usiipe nywila ya waifai wala hotspoti ya simu. Utaokoa bando pia. Kama imeunganishwa, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya faragha au masharti, na uondoe ridhaa. Kwenye Samsung huduma hiyo huitwa "Viewing Information Services", kwenye LG huitwa "Live Plus". Nyingine zina majina yake, nayo huchaguliwa kwa namna ya kupendeza, kwa hiyo soma maelezo yaliyo chini ya jina. Zima vilevile matangazo yanayolengwa kwa mtazamaji. Kukataa hakutazima picha ya king'amuzi. Fahamu tu kwamba YouTube na Netflix huweka kumbukumbu zao wenyewe, na hizo hufutwa ndani ya akaunti.

Runinga za mitumba, zile tunazoziita ex-UK, zina tatizo lake. Zinaweza kuja na mipangilio ya mmiliki wa kwanza, wakati mwingine hata na akaunti yake, pamoja na ridhaa aliyoitoa yeye. Irudishe katika hali ya kiwandani kabla ya kuitumia, na ufanye hivyo tena siku unapoiuza.

Vijisanduku vya Android vya bei nafuu vinavyounganishwa kwenye runinga vinanitia wasiwasi kuliko vyote. Juni 2025 FBI ilitahadharisha kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa kihalifu uliopenya vifaa vya nyumbani, vingine vikiwa na programu haribifu tangu kiwandani. Mwezi uliofuata Google ilifungua kesi, ikisema vifaa vilivyoathirika vimepita milioni 10. Kijisanduku cha aina hiyo huwapa wahalifu njia ya kupitia intaneti yako, na uchunguzi wa uhalifu wao ukianza, anwani itakayoonekana ni ya nyumba yako. Kisicho na jina linalojulikana, kinachokutaka uzime ulinzi wa Google Play, na kinachoahidi mpira na filamu zote bila malipo ya mwezi, usikinunue.

Ukiamini data yako imechukuliwa bila ridhaa, unaweza kulalamika kwa Kamishna kwa maandishi au kwa mdomo. Ukieleza kwa mdomo, ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuandika. Weka risiti, namba ya modeli, na picha za skrini za masharti uliyowekewa, zikiwa na tarehe. Andikia kampuni kwanza ukidai kuonyeshwa data waliyo nayo juu yako na kuifuta, kwa kuwa vifungu vya 26 na 40 vinakupa haki hizo, na kimya chao kitakuwa sehemu ya ushahidi. Malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa na kuamuliwa ndani ya siku 90, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.