Utangulizi: Adhabu Inayomfaa Mraibu

Tuseme hakimu wa Musoma ana majalada matatu mezani. La kwanza ni la mvuvi wa Mwigobero aliyeiba nyavu akaziuza apate pesa ya gongo. La pili ni la kijana wa Bunda aliyekutwa na misokoto miwili ya bangi. La tatu ni la mfanyabiashara aliyenaswa Butiama na magunia ya bangi, ambaye mwenyewe havuti. Wote watatu wanaweza kuishia gereza moja. Kitabu hiki kinauliza kama hiyo ni haki, na kama inamsaidia yeyote.

Karibu, msomaji, katika taaluma inayowakutanisha hakimu, askari magereza, daktari, afisa ustawi wa jamii na mama wa mshtakiwa. Kabla ya kuuliza afungwe miaka mingapi, tunauliza mawili: uraibu umechangia nini katika kosa, na ni uraibu wa kitu gani?

Swali hilo la pili linaweza kuokoa uhai. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, akikatishwa ghafla mahabusu, huanza kutetemeka mikono ndani ya saa chache. Jasho linamtoka, usingizi unampaa. Siku ya pili au ya tatu anaweza kupata degedege, kuona watu wasiokuwepo, hata kufa. Askari asiyefundishwa atadhani ni malaria au ukaidi. Aliyefundishwa atamkimbiza hospitali. Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, ni kali mno, ila yenyewe huua mara chache, na ina dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Methadoni hiyo haimtibu mnywaji wa gongo wala mvuta bangi.

Swali la kwanza ndilo linalotenganisha majalada yetu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inairuhusu mahakama, mkosaji akiridhia, kumpa kazi ya jamii isiyo na malipo pale inapoona kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu. Mvuvi anaweza kufanya kazi hiyo chini ya usimamizi huku akitibiwa na kumfidia mwenye nyavu. Kijana wa Bunda naye anahitaji ushauri nasaha kuliko kukaa na wahalifu wazoefu. Mfanyabiashara hakusukumwa na kiu yoyote. Hana sababu ya kujificha nyuma ya wagonjwa.

Wapo waraibu waliojeruhi watu, na hao jamii ina haki ya kukingwa nao, hata kwa kuwafunga. Lakini hata gereza la kilimo kama Kiabakari linampa mfungwa jembe, na jembe halitibu uraibu. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa, hatari ya mfungwa kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wengine. Mwili umesahau dozi ya zamani, mkono haujasahau. Kwa hiyo mpango wa matibabu lazima uvuke lango pamoja na mfungwa.

Ukiwa hakimu, agiza taarifa ya ustawi wa jamii kabla ya kutoa adhabu. Ukiwa mzazi, usione aibu: mweleze wakili au afisa ustawi historia yote ya ulevi wa mwanao, kwa kuwa mahakama haiwezi kuzingatia jambo ambalo haikuambiwa.