Kuketi Muda Mrefu Bila Kuumia

Katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kazi nyingi hufanywa mtu akiwa ameketi. Mshonaji hukaa nyuma ya cherehani barazani tangu asubuhi, muuza dagaa hukaa kwenye kigoda sokoni, anayechambua chikichi hukaa chini hadi kikapu kiishe, na karani hukaa mezani. Jioni wote hulalamikia kiuno, shingo au magoti. Wengi hudhani tiba ni kununua kiti kizuri zaidi. Kiti kina nafasi yake, nasi tutakieleza, lakini hakuna kiti kiwezacho kumlinda mtu asiyeinuka.

Tunapoketi bila kusogea, misuli ya mgongo hubeba mzigo uleule hata ikachoka. Damu nayo hurudi kwa taabu kutoka miguuni, kwa kuwa misuli ya miguu, ambayo huisukuma tunapotembea, imetulia. Kwa hiyo, kila baada ya nusu saa hivi, simama, nyoosha mgongo, tembea hatua chache. Si lazima uwe na saa: mshonaji na ainuke kila amalizapo kipande, na muuzaji kila afikapo mteja. Kumpokea mteja ukiwa umesimama ni adabu pia.

Kigoda ni kifupi. Magoti hupanda juu ya nyonga na kiuno hupinda. Hatusemi kitupwe, kwani kwa kazi ya dakika chache kinafaa. Kwa kazi ya siku nzima, tafuta kiti ambacho ukikikalia nyayo hukanyaga sakafu barabara na mapaja hulala sawa. Ukiagiza kwa seremala, mwambie akupime ukiwa umevaa viatu vya kazini, kuanzia chini ya kiatu hadi nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti chako. Usilipe salio kabla ya kukikalia kwa dakika kumi. Ikiwa ulicho nacho ni kirefu mno, weka tofali chini ya miguu, na kanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno itafanya kazi ya mto.

Vichanja vya kuanikia dagaa, vinavyowaepusha samaki na mchanga, huufaa mgongo vilevile. Anayegeuza dagaa kichanjani husimama wima, ilhali anayeanika chini huinama mchana kutwa.

Tunatahadharisha kuhusu dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani kila wiki. Baadhi yake, kama diklofenaki, zikitumiwa mfululizo huweza kudhuru tumbo na figo. Maumivu yanayodumu kwa wiki kadhaa yaonwe na mganga. Miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo ukishindwa kuzuilika, usisubiri hata siku moja.

Safari ndefu zina hatari yake. Treni ya kwenda Dar es Salaam husafiri takriban kilomita 1,250, kwa zaidi ya siku nzima. Humo unaweza kutembea behewani, basi fanya hivyo. Kwenye basi, shuka kila kituo. Katika boti za mwambao wa ziwa usisimame ovyo, maana chombo huyumba. Zungusha vifundo vya miguu na inua visigino ukiwa umeketi. Wasafiri wengi hujinyima maji kwa kuhofia kukosa choo. Kunywa kidogo kidogo, na mweleze kondakta mapema unapohitaji kujisaidia. Mjamzito, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni, wapate ushauri wa kituo cha afya kabla ya kukata tiketi.

Baada ya safari, hata zikipita siku kadhaa, angalia miguu. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma nyuma chini ya goti, huenda damu imeganda ndani yake. Usikubali mguu huo ukandwe, kwa kuwa bonge la damu laweza kung'oka na kwenda mapafuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ikiwa unapumua kwa shida au kifua kinachoma, nenda papo hapo, hata iwe usiku wa manane.