Kiti kimoja, tiketi mbili: Kosa linalojificha ndani ya programu yako

Ni Desemba. Kila mtu anataka kwenda ushago, na wewe ndiwe uliyeundia kampuni ya mabasi programu ya kuuza tiketi. Kimebaki kiti nambari 14 pekee. Mteja mmoja yuko Kasarani, mwingine Umoja. Wote wanabonyeza ‘Nunua’ kwa wakati mmoja, na programu yako inawauzia wote wawili. Kesho yake asubuhi, stejini hapatoshi!

Ati uliijaribu mara mia na ikafanya kazi? Sawa, lakini ulikuwa ukiijaribu peke yako.

Seva haihudumii wateja mmoja mmoja kama foleni ya benki. Huendesha thredi nyingi, yaani mikondo ya kazi inayoenda sambamba ndani ya programu moja, na zote huchota data kutoka kapu lilelile. Kwa Java, kapu ambalo wengi hujifunza mapema ni HashMap. Lina kasi, lakini halikuundwa kubadilishwa na thredi nyingi kwa pamoja. Data inaweza kupotea. Kabla ya Java 8, thredi mbili zikilipanua kwa wakati mmoja, programu ingeweza kunaswa ikizunguka humo bila kikomo.

Dawa ya zamani ni Hashtable, iliyokuja na Java ya kwanza mwaka 1996. Ina kufuli moja: mmoja akiingia, wengine wanangoja nje, hata anayetaka kusoma tu. Ni salama, lakini ni kama choo kimoja cha ploti nzima. Java 5 ilipotoka mwaka 2004 ilileta ConcurrentHashMap, kazi iliyoongozwa na Doug Lea. Humo wanaosoma hawangoji kufuli, na anayeandika hufunga sehemu ndogo tu ya kapu.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo wengi huteleza. Ukibadilisha kapu pekee, kiti 14 bado kinaweza kuuzwa mara mbili. Mbona? Programu yako inauliza kwanza kwa containsKey kama kiti kimechukuliwa, kisha inaandika jina kwa put. Kila hatua ni salama peke yake, lakini katikati kuna mwanya. Thredi zote mbili zinauliza, zinaambiwa kiti kiko wazi, kisha zote zinaandika. Jina la pili linafuta la kwanza, kimyakimya.

Tumia putIfAbsent. Huuliza na kuandika kwa mpigo mmoja. Ikirudisha null, mteja amepata kiti. Ikirudisha jina, mwambie achague kingine kabla hujachukua doh yake. Na ukihesabu tiketi zilizouzwa, usisome, uongeze moja, kisha uandike; merge hufanya yote matatu kwa pamoja.

Kumbuka pia kuwa kapu hili hulinda programu inayoendeshwa kwenye seva moja tu. Zikiwa seva mbili, ulinzi uhamie kwenye hifadhidata: kiti kimoja cha safari moja kisiandikwe mara mbili.

Leo jioni andika jaribio dogo: thredi 100, kiti kimoja. Liendeshe tena na tena. Wakipata tiketi wawili, shukuru umejua kabla ya abiria.