Uteuzi kati ya Faili la Printa la Jumla na Faili Mahususi: Mfano wa Hati ya Mapokezi ya Ufuta, Kisaki

Katika mfumo wa IBM i, uliotokana na kompyuta za AS/400 zilizozinduliwa mwaka 1988, programu ya biashara huyapitisha maandishi yake katika faili la printa kabla hayajachapwa. Faili hilo huweza kuwa la jumla, kama QSYSPRT linalokuja na mfumo wenyewe, au mahususi, yaani lililoundwa kwa ajili ya hati fulani. Uteuzi kati ya mafaili hayo hutegemea kazi ya hati, wala si wepesi wa kuandika programu pekee.

Kwa kawaida, QSYSPRT lina ukurasa wa mistari 66 wenye nafasi za herufi 132 kwa kila mstari. Mahali pa kila safu huandikwa ndani ya programu. Amri ya OVRPRTF huweza kubadili urefu wa ukurasa au idadi ya nakala, lakini haihamishi safu. Katika faili mahususi, mpangilio huandikwa nje ya programu kwa kutumia DDS. Safu ikisogezwa tu, faili pekee huundwa upya. Safu mpya ikiongezwa, programu nayo hutafsiriwa upya kwa lugha ya mashine; la sivyo, ukaguzi wa mfumo huizuia kulifungua faili.

Ichukuliwe kwamba chama cha msingi cha wakulima kinapokea ufuta Kisaki, Morogoro Vijijini, na kuchapa hati yenye idadi ya magunia, uzito, bei, makato na malipo halisi. Mstari ulioandikwa kwa nafasi 132 ukichapwa kwenye karatasi ya A4 iliyosimama, inayobeba takriban herufi 80 kwa ukubwa wa herufi 10 kwa inchi, safu za mwisho hukatwa au hushukia mstari wa chini. Safu hizo ndizo za makato na malipo. Mkulima hubaki na uzito bila kiasi anachodai, na mzozo ukizuka hana ushahidi mkononi.

Hivyo basi, faili la jumla linafaa kwa orodha za ukaguzi zinazosomwa na wahasibu na watayarishaji wa programu. Hati inayomthibitishia mtu haki yake inastahili faili mahususi, hata kama utayarishaji wake huchukua muda mrefu zaidi.